Mume Wangu Ametuchimbia Handaki la Nyuklia

Bi Thuraya, shikamoo. Mimi ni Josepha, mkulima wa huku karibu na Kipalapala, na kama si aibu ningekuja hapo ofisini kwenu gazetini mwenyewe, lakini uso wa kuja sina.

Mume wangu Eustace, tangu asikie redioni habari za mabomu ya nyuklia, kwamba moja tu linafuta mji, hakutulia tena, akachimba handaki katikati ya karanga zangu, na kila akisikia ndege ikipita, anapiga debe na kupaza sauti "Nyuklia!" nasi sote tunakimbilia shimoni, mpaka mbuzi wetu amezoea, siku hizi anatangulia yeye.

Sasa Jumapili iliyopita walikuja wageni kutoka Usinge kumposa binti yetu Levina, wakiongozwa na mshenga, mzee Lugembe, mtu wa heshima na kitambi chake, na ndiyo kwanza ameanza kusema, "Tumeona ua zuri katika nyumba hii," ndege ya abiria ikapita chini ikienda kutua mjini, Eustace akapiga debe, na mimi, Bi Thuraya, sijui kitu gani kiliniingia, nikamshika mshenga mkono, nikakimbia naye, alipogoma ukingoni nikamsukuma, akaangukia juu ya mbuzi.

Alipotolewa, udongo mpaka masikioni, aliniuliza tu, "Mama, tumewakosea nini?" Wakaondoka bila kugusa chakula. Wametuma ujumbe kwamba hawawezi kuoa kwenye nyumba inayozika wageni wakiwa hai. Naye baba yake Levina anayatazama mabati ya jiko langu ili aezekee shimo. Je, nilifukie akiwa hayupo? Na kinachoniumiza zaidi, ambacho sijamwambia mtu, ni kwamba hata mimi naogopa.

JIBU

Marahaba, Josepha. Nimecheka mpaka kanga ikanidondoka. Sasa tuseme kweli.

Kuogopa si wazimu. Mabomu hayo yapo kwa maelfu. Bara letu lina mkataba wa kutokuwa nayo, lakini vita ya mbali inaweza kutufikia bila bomu kutuangukia: moshi wa miji inayoungua ukiziba jua, mvua zitaharibika na mahindi yatakosekana. Shimo litazuia nini hapo? Njaa itamfuata mumeo humo humo.

Mumeo amesikia nusu ya habari, nawe ukakubali kuwa askari wake. Mwanamke mzima unamsukuma mshenga! Na kulifukia kwa siri usithubutu, atachimba jingine chini ya kitanda. Kaa naye mchana, umwambie, "Baba Levina, hata mimi naogopa." Kisha mlifukie pamoja. Hofu yake aipeleke kwenye jumuiya, kwa diwani, kwa mbunge, aulize nchi yetu inawaambia nini wenye mabomu. Watu wengi wakiuliza kwa sauti, wakubwa husikia.

Namba ya mshenga uliyoiandika chini ya barua nimeipiga. Kiuno kinamuuma, lakini kinachomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyekwenda kumpa pole. Halafu akashusha sauti: "Hivi, Bi Thuraya, hilo bomu lingefika mpaka huku Usinge?"

Basi nendeni kwake Jumamosi hii. Utangulie wewe kuomba radhi, maana ndiwe uliyesukuma. Eustace aeleze akiulizwa, si kabla. Na msirudi bila tarehe ya harusi.