Rangi Niliyoinyamazia

Jumatatu, 7 Septemba

Miguu imevimba tena. Rehema ameikanda kwa maji ya uvuguvugu kabla ya chai, kama kawaida. Chai bila sukari, muhogo wa kuchemsha, vidonge. Nimekaa barazani mpaka jua likanifukuza. Nimesoma ukurasa mmoja wa msahafu, pumzi ikakatika, nikafunga.

Ilham, mjukuu wangu, anatimiza miaka sita Jumamosi ya wiki ijayo. Rehema, mama yake, anataka kumfanyia besdei hapa nyumbani. Gando hatuna mazoea hayo. Nimefundisha watoto wa kijiji hiki mpaka nikastaafu, na sikuwahi kusikia mmoja akikatiwa keki. Lakini Rehema ni mtu wa Tanga. Kwao wanafanya. Kwenye simu ameona sherehe ambayo kila kitu kina rangi mbili tu: keki, nguo, maputo, mpaka vikombe. Anaiita besdei ya rangi. Ilham ameshachagua kijani, kwa sababu ana panzi kwenye chupa na anampenda kuliko sisi sote. Rangi ya pili bado.

Daktari wa Wete hakunificha. Moyo umechoka. Sioni sababu ya kuandika zaidi juu ya hilo.

Jumatano, 9 Septemba

Rehema amerudi kutoka Wete na kitambaa. Mwenye duka amemwuzia rahisi. Anacho majora kwa majora, maana huu ni msimu wa kampeni. Kijani na manjano. Alinionyesha mimi kwanza, kabla ya mtoto. Alikitandaza magotini mwangu.

"Mama, inapendeza?"

Nikasema, "Nzuri."

Hapa petu rangi hizo mbili zikikaa pamoja si mapambo. Ni chama kinachotawala, na kijiji kizima kiko upande wa pili, nyumba hii ikiwemo. Tangu vyama vingi virudi, watu wameachana kwa mambo madogo kuliko kitambaa. Mwaka wa kura ya kwanza nilimwona mwanamke akirudishiwa sahani yake ya pilau mlangoni kwa sababu ya kofia aliyovaa mumewe. Rehema rangi za chama anazijua, lakini hajui uzito wake hapa. Ana miaka miwili hapa, na miaka yote miwili ilikuwa ya utulivu.

Mimi nilijua. Kitambaa kilikuwa magotini mwangu, nikakipapasa, nikasema nzuri.

Sababu naiandika kama ilivyo, sina muda wa kuipamba. Simpendi. Nilitaka mwanangu Said amwoe mtoto wa hapa, ninayemjua mama yake na bibi yake. Said yuko Maskati, na kila akipiga simu anamtaka mkewe kwanza. Nilitaka mwanamke huyu ajiaibishe mwenyewe, pasiwe na mkono wangu.

Ijumaa, 11 Septemba

Baada ya sala ya Ijumaa Rehema alimshika Ilham mkono wakapita nyumba kwa nyumba kualika. Aliwaambia watoto wavae kijani au manjano. Alirudi amefurahi.

"Wote wamesema inshallah, Mama."

Nimeishi hapa vya kutosha kutofautisha inshallah ya mtu anayekuja na inshallah ya mtu anayefunga mlango.

Kitambaa amekifua na kukianika kwenye kamba, upande wa njiani. Ng'ambo ya pili majirani walikuwa wanageuza karafuu kwenye mikeka. Wakaacha kugeuza. Mmoja alitoa simu akakipiga picha. Nilimwona vizuri.

Jumapili, 13 Septemba

Maziwa hayakuletwa. Mkwezi amepita, hakutazama minazi yetu. Bi Mize, shoga yangu, hakuja kuzungumza, na yeye haikosi Jumapili.

Vijana wawili walisimama mbele ya baraza. Wote nimewafundisha kusoma.

"Shikamoo Mwalimu. Mkutano saa ngapi?"

Wakacheka, wakaenda zao. Rehema alitoka na unga mikononi akaniuliza ni mkutano gani. Nikamwambia hao ni vijana tu.

Ningeweza kumwambia pale pale. Hakuna aliyenizuia.

Jumatatu, 14 Septemba

Anashona. Ilham amejaribu gauni, amekataa kulivua. Amekula nalo.

Jumanne, 15 Septemba

Said amepiga simu. Picha ya kamba yetu ya nguo imefika Maskati. Watu wa Gando anaokaa nao nyumba moja wamemwonyesha, wakamwuliza mshahara wa chama ni shilingi au riali. Alimfokea mkewe. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu mpaka ukumbini. Rehema alijibu kwa sauti ya chini sana, maneno machache. Kisha akaniletea simu, Said akaniambia:

"Mama, nisamehe. Aibu hii nimekuletea mimi. Ikipita Jumamosi atarudi kwao. Mtoto atabaki na wewe."

Nikasema, "Wewe ndiye mwenye nyumba."

Basi. Nimepata nilichokitaka, na zaidi. Nilisubiri nifurahi. Sikufurahi. Nilisikia njaa tu.

Jumatano, 16 Septemba

Rehema ameikanda miguu yangu. Mikono ile ile, maji ya joto lile lile. Macho yamemvimba. Mkoba wake ameshaupanga, uko karibu na mlango wa chumba chake. Besdei haijavunjwa. Amesema mtoto hana kosa.

Nilituma mtu amwite Bi Mize. Tumekua pamoja. Ndiye anayekosha maiti za kike hapa Gando, na tulishakubaliana zamani kwamba mimi atanikosha yeye. Alipita mlango wa nyuma, akakaa bila kuvua buibui. Nikamwambia yule binti ni mgeni, hajui mambo yetu, awaambie watu wasimchukulie vibaya.

"Yeye mgeni. Na weye?"

"Mimi mgonjwa."

"Mgonjwa wa miguu, Khadija. Macho unasomea msahafu."

Nikaivutia shuka miguu yangu.

"Kitambaa kimeanikwa mbele ya kiti chako," akasema. "Mie nimekaa kwangu nikafikiri: ama Khadija kahamia huko, ama kafanya kusudi. Kuhama, hakuhama. Namjua mie, mkaidi yule, kiti chenyewe hahamishi." Akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. "Ntakukosha, na ntakukosha vizuri. Hilo lakini siliwezi. Hilo ujikoshe weye ungali hai."

Akaondoka kwa mlango ule ule.

Alhamisi, 17 Septemba

Sikusema. Asubuhi nilikusudia. Adhuhuri nilikusudia. Alasiri nikajifanya nimelala.

Nimesomesha dini kwa miaka mingi. Najua kwamba dhambi baina yangu na Mungu naweza kuiombea msamaha hapa nilipokaa. Ya mja mwenzangu haifutwi mpaka mwenyewe anisamehe. Niliwafundisha hivyo watoto wa darasa la tatu, na walielewa mara moja.

Ijumaa, 18 Septemba

Nimemwambia. Alikuwa amechutama, mguu wangu wa kushoto uko ndani ya beseni. Nilimwambia nilijua maana ya rangi zile tangu siku ya kwanza. Nilimwambia nilinyamaza makusudi, na nilimwambia kwa nini. Sikutafuta maneno laini.

Hakuacha kukanda. Baadaye ndiyo akasema:

"Nilikuonyesha wewe kwanza, Mama. Kabla ya mtoto."

Kisha: "Nilijua hapa kuna mambo siyajui. Nikasema, Mama akiniambia nzuri, basi ni nzuri."

Akaufuta mguu mmoja, akaufuta wa pili, akatoka na beseni. Hakupiga mlango. Nilimwomba radhi nikiwa nimebaki peke yangu chumbani, kwa sauti ya kutosha asikie. Nikasikia maji yakimwagwa uani.

Nilitaka kumpigia Said. Rehema alisema yuko njiani na lori, hapatikani mpaka Jumapili. Alisema hivyo bila kunitazama.

Bi Mize alikuja jioni. Nikamwambia awaeleze watu jambo lilivyokuwa, na jina langu alitaje.

"Wataamini?" nikamwuliza.

"Mama mkwe na mkamwana? Wataamini kabla sijamaliza kusema."

Jumamosi, 19 Septemba

Besdei imefanyika.

Asubuhi nilimshauri Rehema kitambaa kile akibadilishe, nitoe shuka zangu nyeupe. Akakataa. "Mtoto ameshakiona." Lakini alikitandika ukumbini, ndani, si barazani. Mlango wa njiani aliuacha wazi. Sikujua hayo mawili nani kamfundisha, au kayapima mwenyewe.

Mpaka alasiri inaadhiniwa hakuna aliyefika. Ilham alikaa kizingitini na gauni lake na chupa ya panzi. Aliuliza kama watu wamesahau. Mama yake alisema hawajasahau. Mimi nilitazama chini.

Wa kwanza walikuwa wajukuu wa Bi Mize, wameshikana mikono kama wanaovuka barabara. Wakaja wengine. Nguo za Idi ya mwaka jana, bluu, nyekundu, kanzu za chuo cha Kurani, mmoja na fulana ya mpira. Kijani alivaa Ilham peke yake. Nyumba kadhaa hazikuleta mtoto, na nadhani hazitaleta tena mpaka kura zipite.

Mama zao walisimama ukutani. Hawakuja kwa ajili ya keki. Walikuja kunitazama mimi. Niliwaacha wanitazame. Salama, muuza maziwa, alinisogelea na kibuyu chake. Alikuwa mwanafunzi wangu, mvivu wa hesabu.

"Mwalimu, siku hizi na wewe unachelewesha zoezi."

"Nimelileta," nikasema.

"Limefika limechafuka." Akacheka, akaninywesha maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Nilikunywa.

Keki Rehema aliipika kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Upande mmoja iliungua kidogo, ule wa manjano. Panzi alitolewa chupani akaruka juu yake. Watoto walipiga kelele mpaka paka akatoka mbio. Ilham alicheka akakaa chini. Hakujua lolote, na naomba asijue mapema.

Wanawake walimsaidia Rehema kuosha vyombo. Walimwita kwa jina lake. Kabla ya leo walikuwa wakimwita mke wa Said.

Nimechoka mno. Kuandika haya kumenichukua muda.

Jumapili, 20 Septemba

Said alipiga simu baada ya adhuhuri. Rehema alipoipokea nilimnyooshea mkono, nikaomba nizungumze mimi kwanza. Alinipa.

Nilimweleza mwanangu yote, kwa mpangilio. Nilimwambia mkewe aliniuliza na mimi nikamdanganya. Nilimwambia aibu ya nyumba hii ni yangu, na kama kuna mtu wa kuondoka siyo Rehema.

"Mama," akasema.

Nilisubiri. Mwishowe akasema, "Mpe Rehema."

Aliingia na simu chumbani kwake akafunga mlango. Sikusikia walichosema, na sikujaribu kusikia. Kilikuwa kitambo kirefu. Alipotoka aliniambia Said amemwomba asiende. Yeye amemjibu kwamba atakaa mpaka Idi ipite, kisha ataamua mwenyewe. Nikasema sawa. Radhi sikuiomba mara ya pili. Ameshasikia. Akinipa nitaipokea, na nisipoiwahi nitakwenda bila yake, kwa kosa langu.

Sasa wako uani, wanachambua mchele. Ilham amemwuliza kama watahamia Tanga.

"Bado sijajua," amemjibu.

Hakushusha sauti.