Barua Isiyoamkia

Jumapili, 8 Juni

Kuanzia Manyoni mpaka Iramba hakuna mtu anayeijua kompyuta kunishinda mimi. Nasema mkoa mzima. Wa vyuoni waje na vyeti vyao, mimi nije na vidole vyangu, tuone nani atarudi kwao analia. Kidato cha pili niliacha mwenyewe. Shule ilikuwa inanichelewesha.

Leo kama Jumapili zote. Baba Mkubwa na Mama Mkubwa wametoka kanisani, tumekula, nimetoa kile kitambaa cha kufuma juu ya kompyuta, nimepangusa vumbi la alizeti, nimewasha hotspoti ya simu yangu. Baba Mkubwa akavuta kiti. Miwani. Kidole kimoja cha kulia, kimoja cha kushoto, kama kuku anadonoa. Nikamwambia, "Elia atapata mvi kabla hujamaliza salamu." Akasema, "Nyamaza, dokta." Hilo la dokta nilijipa mwenyewe ila sasa limekubalika.

Elia ni mtoto wao wa pekee. Alitaka kuoa binti Mwislamu, mzee akakataa, wakatamkiana maneno ambayo humu ndani hakuna anayeyarudia. Elia akaondoka. Namba ya simu akabadilisha. Kilichobaki ni anwani yake ya imeili. Mzee anaandika kila Jumapili, mvua, mbuzi, nani kafariki. Hajajibiwa hata mara moja. Mimi nalala chumba cha Elia, kitanda cha Elia. Na kila siku Mama Mkubwa ananiuliza neno moja tu. "Imeingia?" Bado, Mama Mkubwa.

Leo mzee alimaliza habari za mbuzi, vidole vikasimama. Halafu akadonoa: Nilikosea. Mlete mkeo tumwone.

Nilisoma nikiwa nyuma ya bega lake. Mzee huyu sijawahi kumsikia akikiri kuwa amekosea. Akasema tuma. Nimetuma.

Naogopa kama ni mimi niliyeandika. Hii isipojibiwa, hataandika nyingine. Namjua.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeitwa na Dada Zuhura, yule wa stesheneri pale stendi ya Mkiwa. Nimeingia kifua mbele. Nimetoka kifua kikiwa nyuma.

Kioo cha kompyuta yake chote chekundu. Maneno ya Kizungu: mafaili yako yamefungwa, lipa. Alipata imeili ya zabuni, kiambatanisho akakibofya, basi. Mitihani ya shule, katiba za vikundi, barua za vijana za kuomba kazi, vyote vipo lakini havifunguki. Majina yamegeuka, yana mikia ya ajabu.

Nikachomeka flashi yangu yenye antivairasi. Haikufanya kitu. Nikamwambia kompyuta yako ni ya zamani. Uongo. Ni mpya kuliko yetu.

"Ntandu, kama hujui sema hujui, nitafute mtu mwingine."

Nikasema najua, ni suala la muda. Sikujua. Akageukia mashine ya fotokopi ili nisimwone analia. Nikamwona.

Njia nzima nimetembea na wazo moja. Barua zote za mzee zipo kwenye mashine yetu. Na jibu la Elia, kama lipo duniani, litaingia palepale.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi mzee kaniambia niwashe. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha alizeti na Dada Zuhura ndiye anayewachapia, hivyo huwa wanaandikiana. Na kweli ipo imeili ya Zuhura. Habari, tafadhali fungua ankara iliyoambatanishwa.

Mzee kashashika mausi. Mshale uko juu ya kiambatanisho. Nikamshika mkono. Mzee wa watu, nimemshika mkono. Akaniangalia namna ambayo sijawahi kuangaliwa.

"Huyu ni Zuhura."

"Baba Mkubwa, Zuhura alishawahi kukuandikia bila shikamoo?"

Akafikiri. "Huyo hata akija kunidai anaamkia kwanza."

"Basi si yeye. Ni vairasi, imetumia anwani yake."

Kipaji hicho. Hakuna chuo kinachofundisha. Vairasi imetoka Ulaya huko, itajuaje shikamoo? Nikatunga sheria papo hapo: barua yoyote ya mdogo kwa mkubwa isiyoamkia haifunguliwi, inafutwa. Mzee alivua miwani, akaifuta. Halafu akasema, haya, wewe ndiye dokta.

Jioni nimesikia anawasimulia majirani. Anasema kijana wangu. Sijui kama alijua kuwa nasikia.

Nikaona niongeze ulinzi. Nikanakili barua zote za mzee kwenye flashi, ili hata mashine ikifa zibaki. Hapo ndipo nimegundua antivairasi yetu imekwisha muda tangu zamani. Bando la kuiapdeti lilikuwepo. Nilitazamia mpira.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka na jasho. Flashi.

Flashi niliyochomeka kwa Zuhura ndiyo ileile niliyochomeka hapa jana. Dokta mzima. Nimebeba ugonjwa hospitali nikauleta nyumbani, kwa mkono wangu.

Nimewasha. Mashine nzito. Feni inavuma kama mashine ya kusaga. Jana ilikuwa hivi? Sikumbuki. Kila nikibofya nasubiri kioo kiwe chekundu.

Mama Mkubwa kapita na ungo. "Imeingia?"

Nikamjibu, "Haijaingia Mama Mkubwa, namwomba Mungu isiingie."

Akasimama. Akasema kitu kwa Kinyaturu. Akianza Kinyaturu ujue umeharibu. Ilibidi nieleze kuwa nasema vairasi, sisemi barua. Hakucheka.

Nimenunua bando. Nimeapdeti antivairasi, nimebadilisha paswedi ya mzee, flashi nimeiweka kando kwenye kopo. Nimeanzisha ukaguzi wa mashine nzima. Unakwenda kama punda mwenye mimba.

Wakati nasubiri nikasafisha inboksi. Zimeingia kadhaa hazina shikamoo. Nimezifuta zote bila kufungua, na kapu la taka nimelimwaga kabisa, zisije zikafufuka. Moja ilikuwa na picha imeambatanishwa, na imetumia jina la humu ndani. Wajanja hawa watu. Wamefika mpaka kwenye majina ya familia. Mzee alikuwa zizini, mbuzi anazaa. Nikaona hakuna haja ya kumsumbua.

Natoka nje, narudi, natoka tena. Ni ile feni.

Alhamisi, 12 Juni

Safi. Hakuna kitu. Ukaguzi umekwisha, hakuna vairasi hata moja. Mashine haina ugonjwa, feni ilikuwa na vumbi tu, nimeipuliza. Nimekaa nayo tangu asubuhi, sikutoka hata kufika barabarani.

Nikamwita mzee aone zile alama za kijani za ukaguzi. Hajui maana yake ila alizitazama kwa heshima. "Umeokoa nyumba," akasema.

Mama Mkubwa kachinja jogoo. Firigisi mzee kaichukua kwenye sahani yake, kaiweka kwenye yangu. Firigisi. Humu ndani haijawahi kuliwa na mtu mwingine. Mama Mkubwa aliangalia pembeni. Nimeila. Nimejisikia mkubwa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kwa Dada Zuhura kumsaidia kuanza upya. Tumefuta kila kitu, tumeweka programu mpya. Nimemfundisha ile sheria yangu ya shikamoo. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Akasema, "Wewe mtoto una akili za barabarani."

Halafu akaanza kupiga soga tu, huku anapanga karatasi.

"Jana basi la Mwanza lilisimama hapa. Kashuka kaka mmoja, kambeba mtoto mdogo. Mke kabaki dirishani, kajitanda mtandio. Kaka kasimama hapo kwenye kivuli changu, anaangalia njia ya kwenu. Nikamuuliza, unamsubiri nani? Akasema kuna mzee huenda akaja. Dereva akapiga honi. Hakusogea. Akapiga tena, abiria wakaanza kelele. Ndiyo akapanda. Yaani Ntandu, ile shingo ni ya mzee wako kabisa. Mpaka anavyotembea."

Dada Zuhura kahamia Mkiwa Elia akiwa ameshaondoka. Hajui sura yake.

Nikasema watu hufanana. Nikaangusha vikaratasi vyake vyote chini. Nikaviokota. Nikaviangusha tena.

Mtoto. Ana mtoto.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefungua kapu la taka. Tupu. Nimejaribu kila kitu ninachokijua. Nimegundua ninavyovijua ni vichache.

Nimeshinda shamba napiga alizeti peke yangu, ili nisiulizwe. Mama Mkubwa kanifuata na uji. Akauliza. Imeingia? Nikatazama alizeti. Nikasema bado. Huo ndio uongo mkubwa niliowahi kusema, na nimesema mingi.

Jioni mzee alikaa mlangoni. Akasema, kama anayesema na upepo, labda nimechelewa kuomba radhi.

Siwezi kula. Nachukia kitanda hiki.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya kanisa sikutoa kitambaa. Mzee hakuniambia nitoe. Kompyuta imekaa imefunikwa mpaka jua likageuka. Nilivyoogopa ndivyo ilivyokuwa, hakuwa na mpango wa kuandika tena.

Nikakitoa mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti chake, jambo ambalo halifanyiki. Nikaandika: Kaka Elia, barua yako ilifika Jumatano. Mzee hakuiona. Niliifuta mimi, Ntandu. Mzee hajui kuwa ulisimama Mkiwa na mtoto. Angejua angekuja kwa miguu tangu asubuhi.

Nikamwita. Akaweka miwani, akasoma polepole kwa sauti. Akasoma tena. Nilikuwa nimesimama pembeni, mikono nyuma, kama shuleni.

"Kwa nini uliifuta?"

Nikasema haikuwa na shikamoo.

Akakaa. Mama Mkubwa alikuwa mlangoni, sijui amefika saa ngapi.

"Haiwezi kuwa nayo," mzee akasema. "Siku ile anaondoka alinipa shikamoo. Nikamwambia usiniamkie tena maisha yako. Kwa hiyo ni yeye. Ungeniuliza ningejua hapohapo ni yeye."

Hakunipiga. Hakupandisha sauti. Mama Mkubwa aliuliza jambo moja, mtoto ni wa kike au wa kiume. Nikasema Dada Zuhura, aliyewaona, hakusema. Akatoka nje.

Mzee akaweka kidole kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Chini ya maneno yangu akaongeza: Mwanangu, niamkie. Na namba yake ya simu. Akasema tuma. Nikatuma. Simu yake ameiweka mezani. Hajaiondoa hapo. Sijui kama Elia atapiga.

Sasa hivi wanaitazama wote wawili. Nami naandika hili kwa sababu wiki nzima nimejaza karatasi hizi na vairasi, flashi, feni, paswedi. Hakuna vairasi iliyoingia humu. Na ile sheria hata mzee aliikubali.

Jina nililiona Jumatano ile. Limeandikwa Elia, na maneno mawili ya mwanzo yalionekana kabla hujafungua: Baba, Alhamisi. Mkono ulisimama. Nikafikiri, hii huenda ikawa yenyewe. Zizi liko hatua chache kutoka dirishani, namsikia mzee anambembeleza mbuzi. Ilikuwa ni kuita tu. Lakini nikimwita nitakuwa nimesema sijui, na yeye alikuwa ameshawaambia majirani kwamba mimi najua.

Sikuita.