Kinachogawanya 10,001

Jumatatu, 4 Juni 1956

Chaki imeniingia machoni tena. Darasa la sita waliandika mwaka huu mara mbili, 19561956, wakagawanya kwa 1956. Wakapata 10,001. Kila mwaka mwingine waliojaribu, jibu lilikuwa lile lile. Walifurahi sana, hata mimi.

Kisha nikauliza: 10,001 nayo inagawanyika kwa namba gani? Wakageuza madaftari, wakafuata jedwali la kuzidisha la jalada la nyuma, mbili hadi kumi na mbili. Imekataa yote. Mwalimu Mkuu Mutua alikuwa mlangoni.

"Mwalimu Rebeka, hii namba imekataa. Wachana nayo."

Kwake hesabu inaishia kumi na mbili kwa sababu jalada la daftari linaishia hapo. Nikasema huenda kuna kigawanyo mbele. Akasema nimwonyeshe kufikia Ijumaa, la sivyo hesabu itakwenda kwa mwalimu mwenzangu Jason, na mimi nitafundisha wasichana kufuma. Alisema mbele ya watoto. Namchukia leo.

Jumanne, 5 Juni

Kwenye basi kutoka Ngara nimefanya 13, 17, 19. Zote zinabakisha. 15 siigusi, 3 na 5 zilishakataa. Wala sihitaji kuvuka mia. Mia mara mia ni 10,000, kwa hiyo vigawanyo viwili haviwezi vyote kuzidi mia. Kazi ina mwisho, basi. Hilo Mutua halijui.

Jason ananionea huruma. Huruma yake aipeleke kwao.

Jumatano, 6 Juni

23, 29, 31 zimekataa. 37 inabakisha 11. 41, 43, 47, hakuna. Mkono unauma. Sijapika.

Naanza kuogopa kwamba Mutua yuko sawa. Akiwa sawa nitamwambia yuko sawa, lakini nitamwambia pia kwamba alibahatisha. Kufuma najua, mama alinifundisha huko Maragoli. Sikusomea ualimu ili nifume.

Alhamisi, 7 Juni

53, 59, 61, 67, 71. Hakuna. Nilikuwa nimeshakata tamaa nikafanya 73 kwa ukaidi tu.

Hakikubaki kitu.

73 mara 137. Nimezidisha upya, nikageuza, nikazidisha tena. 10,001. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Agonge.

Ijumaa, 8 Juni

Nimeandika ubaoni kabla kengele haijalia. Mutua alichukua chaki akazidisha mwenyewe, polepole, watoto wakimtazama.

"Ni kweli," akasema. Akafuta ubao.

Ofisini akaniambia hesabu ni ya Jason kuanzia Jumatatu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba tangu mwezi uliopita.

"Kwa hivyo ungenipa kufuma hata kama ningeleta nini?"

"Mwalimu, wasichana wanahitaji mtu."

Sikulia mbele yake. Nilimwambia ni mwoga, angeniambia mwezi uliopita. Nimelia kwenye kituo cha basi, watu wote wakiniona.

Jumatatu, 11 Juni

Mvua kidogo asubuhi. Wasichana kumi na sindano, uzi wa buluu. Tumeanza blanketi la mtoto. Nimewaambia waanze na mishono sabini na tatu, wafume mistari mia moja na thelathini na saba.

Agneta akauliza kwa nini isiwe sabini tu, ni rahisi.

Nimemwambia akimaliza ahesabu mishono yote. Akasema itamchukua siku nzima. Nikamwambia atafute njia fupi. Akaomba penseli.

Nimempa.