Nenosiri Nililomwachia Domina

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta zote zimewaka isipokuwa moja. Wanafunzi watatu wamesahau manenosiri yao, nimewawekea mapya. Hapa shuleni Nshamba hakuna mwingine anayeujua vizuri mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta hizi. Napenda kuhitajika. Naandika ukweli.

Alhamisi, 6 Machi
Simu kutoka nyumbani, Kanazi. Mama amefariki.
Nimemwachia Domina nenosiri la msimamizi, kwenye karatasi. Anafundisha hesabu. Mfumo huu nimemfundisha mimi. Miaka minne tunapika chungu kimoja.
"Nenda waitu, ndugu yangu, kompyuta usiziwaze," alisema.

Jumatatu, 17 Machi
Nimerudi. Mfumo umenikataa: sina ruhusa ya msimamizi. Nenosiri la zamani limebadilishwa.
Kikaoni mkuu wa shule akatangaza kuwa maabara ya kompyuta sasa iko chini ya Domina. Eti niliondoka na nenosiri, wanafunzi wakakosa vipindi, Domina akaokoa hali. Walimu wakanitazama. Domina alikuwa anachorachora kwenye daftari.

Jumanne, 18 Machi
Ukikaa mbele ya kompyuta yenyewe, unaweza kuiwasha kwa njia ya dharura ukaweka nenosiri jipya la msimamizi. Hilo sikuwahi kumfundisha.
Sikutaka kuingia kama mwizi. Nilimwomba mkuu akae pembeni yangu aone kila kitu.
Kumbukumbu za mfumo zilikuwepo. Jumamosi ya mazishi, saa nne asubuhi, mtu aliingia kwa nenosiri nililoliacha. Hakukosea hata mara moja. Akafuta jina langu kwenye orodha ya wasimamizi, kisha akabadilisha nenosiri.
Saa nne na nusu siku ile Domina alinipigia kunipa pole. Nililia simuni. Akaniambia nijikaze.

Jumatano, 19 Machi
Mkuu amenirudishia maabara. Domina alinifuata stoo.
"Nilijua utabaki Kanazi kumtunza baba yako."
"Ungeniuliza."
"Ungekataa kuniachia maabara."
Kweli, ningekataa. Alilia. Mimi sikulia. Namchukia. Jioni nimepika ndizi peke yangu, zikabaki nyingi.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemfungulia Domina akaunti ya kawaida, kama mwalimu mwingine yeyote. Nikamsogezea kiti, nikamwambia achague nenosiri lake mwenyewe.
Vidole vyake vilipogusa kibodi niligeuka, nikatazama migomba dirishani mpaka alipomaliza kuandika.