Mawe juu ya Nyumba ya Mbombo

Kolwezi, 6 Aprili 1975

Mudogo wangu Tshibangu,

Jambo sana. Bibi yako na batoto bako bazima? Hapa kikohozi ya mutoto mudogo imeisha. Miguu yangu inavimba, lakini kila asubuhi naamuka na kukaanga bitumbua. Mungu hajatusahau kabisa.

Nakuandikia mbele usikie kwa batu. Tangu tumuzike bwana yangu Mbuyi, mawe inaangukia nyumba yetu. Kampuni ilimupa nyumba fundi moja wa umeme. Alifika na bitu byake, mawe ikapiga kamio, lori yake, akageuza hata maji hakunywa. Wa pili alikuja na muchungaji. Muchungaji njo alikimbia wa kwanza. Sasa hakuna mutu anataka kuingia.

Unajua sheria: mufanyakazi akikufa, mujane anatoka. Na bandugu ya Mbuyi balishasema: siku nitakosa nyumba, batoto wote batatu banaenda kwao Kasai. Lakini Septemba Kanku, mukubwa wao, anamaliza masomo, kampuni inamwandika kazi, na nyumba inaingia kwa jina yake. Nimepiga hesabu: miezi mitano. Sitaki kitu kingine kwa dunia.

Kwa hiyo usikuje. Mi dada yako, nakujua. Mutu akisema ameona muzimu, wewe unatafuta viatu. Baki na mianga yako ya Fungurume, uandike juu ya ile kwa gazeti yako. Na usiniulize nani anatupa. Mi mwenyewe sikuuliza.

Yaya yako,
Mbombo


Lubumbashi, 21 Aprili 1975

Yaya Mbombo,

Salamu nyingi, na pole ya miguu. Ukae kiti wakati unakaanga, najua hautasikia. Sisi bazima, ila bibi yangu analalamika kwamba nalala na karatasi. Mianga ya Fungurume imeisha: ni taa za gari za batu wa kupima udongo, zinapanda kilima. Basomaji bamenikasirikia, balitaka shetani.

Yaya, barua yako haikusema yote. Batu banaotoka Kolwezi banasema wewe ni mulozi. Ati ulimukula Mbuyi kwa uchawi, na sasa yeye anakudai na mawe. Wewe uliyenisomesha kwa bitumbua! Nikae kimya? Kila mara mawe iko na mukono. Mukono ikionekana, jina yako inakuwa safi. Sitataja mutu.

Mudogo wako,
Tshibangu


Kolwezi, 2 Mei 1975

Mudogo wangu,

Salamu kwa wote. Ya afya tutaongea siku ingine.

Baniite mulozi. Baniite kila asubuhi, na kila asubuhi banunue bitumbua, ju njaa haiogope mulozi. Jina yangu chafu inalala ndani ya nyumba. Ile safi unaniletea, italala wapi? Nakuomba kwa kaburi ya mama yetu: kaa kwako. Miezi ine imebaki.

Yaya yako,
Mbombo


Lubumbashi, 30 Mei 1975

Yaya,

Natumaini hii inakukuta na nguvu. Barua yako ya tarehe mbili nilikuta mezani nikirudi kutoka Kolwezi. Ndiyo, nilikuja. Sikulala kwako, nilijificha kwa Masudi, yule wa makamio, nyuma ya kamp ya bafanyakazi. Nilimwona Tshiela, binti yako, juu ya ukuta wa choo, na manati, analenga kama askari. Hakuniona. Yaya, nilijivunia mutoto yule, kweli.

Nimeandika. Jina hakuna, kamp hakuna. "Mutoto mwanamuke wa mukono wa kushoto", basi. Sasa hakuna mutu atasema ulimukula bwana yako. Utanishukuru.

Mudogo wako,
Tshibangu


Kolwezi, Manika, 3 Agosti 1975

Tshibangu,

Uko muzima? Mama alitufundisha kuuliza, nimeuliza.

Kamp yetu iko na mutoto mwanamuke moja tu wa mukono wa kushoto. Gazeti yako ilisomwa kwa sauti kwenye mustari wa posho. Batu balicheka, balinikumbatia: "Mama Mbombo, kumbe hauko mulozi!" Moja aliniletea kuku. Jumatatu yenye kufuata, fundi wa umeme akarudi na kamio.

Sasa niko Manika, chumba moja, kitanda inagusa kuta tatu. Kaka ya Mbuyi amefika kutoka Kasai. Aliingia, akapima chumba na macho. Ni mi niliona haya.

Masudi ananiambia unataka kuandika tena, useme ulikosea, mawe ilikuwa ya muzimu kweli. Usiandike. Bibi ya fundi iko na mimba. Yeye naye tumufukuze? Na ile jina safi nimeilipa na batoto batatu. Usinichafulie.

Kitu moja. Alhamisi tarehe 14, treni ya kupeleka batoto Kasai itasimama Tenke. Tangu Juni Tshiela hasemi. Amefunga mukono wa kushoto na kitambaa, anakula na ule wa kuume. Anaamini mukono yake njo ilituuzia nyumba. Wewe ni manseba wake, ndugu ya mama yake. Neno yako anaibeba. Enda Tenke. Kwa gazeti sikutaka uwongo. Kwa mutoto nautaka. Umwambie haikuwa yeye, uliona mubaya.

Mbombo


Lubumbashi, 16 Agosti 1975

Yaya,

Miguu inaendelea namna gani? Unijibu, hata kwa mudomo ya Masudi.

Nilifika Tenke mbele ya treni. Kanku alinipa mukono kama mutu mukubwa, bila kuniangalia. Mutoto mudogo alikuwa amelala. Tshiela alikaa kwenye dirisha.

Nilisema yote vile uliomba. Kwamba nilikuwa mbali, macho yangu mabaya, mawe ilitoka upande mwingine. Nilisema kuna bitu batu hatuwezi kueleza. Mimi, Yaya, nilisema vile.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, na sauti ndogo:

"Manseba, ni mama alikutuma?"

Treni ikaanza kujivuta. Nilitembea kando yake mpaka saruji ikaisha. Akatoa kichwa:

"Umwambie nimeamini."

Nilitaka kukuandikia neno hilo la mwisho peke yake, bila lile swali. Nimechana karatasi mbili. Sijui kuandika nusu.

Mudogo wako,
Tshibangu