Salamu za Kaunta ya Tatu

418 Mtaa wa Linn,
Alder Creek, Iowa.
28 Desemba, 2005.

Mpendwa mdogo wangu Merlyn,

Hujambo, ndugu yangu? Wifi yangu Odette hajambo? Na kijana wenu Rolf, bado anarefuka au amehurumia suruali zake? Natumaini baridi ya Alaska haijawashinda. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Nyonga yangu ya kushoto hunikumbusha umri wangu kila ninapopanda ngazi, na daktari amenipangia upasuaji mwezi wa pili. Usianze kuhangaika. Binti yangu Joleen amesema atanitunza, na kwa ninavyomjua, atanitunza mpaka nimkimbie.

Theluji ilianguka wiki mbili kabla ya Krismasi na haijaondoka. Jirani ananisafishia njia ya mbele, nami namlipa kwa biskuti. Mbwa wake ameshanizoea, siku hizi ananibwekea kwa adabu.

Bado nipo dukani, kaunta ya tatu, siku nne kwa wiki. Najua uliniambia nipumzike baada ya mume wangu Wendell kufariki. Lakini bima yangu ya afya inatokana na kazi hii, na bila bima nyonga hii ningeitengeneza kwa gundi. Halafu, nikuambie kweli, napenda kukaa pale. Keshia anajua mambo ambayo hata mchungaji hayajui. Mtu akianza kununua maziwa ya watoto wachanga, mimi ndiye wa kwanza kupata habari. Mtu akiacha kununua sigara, namwombea kimyakimya huku nikimrudishia chenji.

Sasa nikusimulie yaliyonipata mwezi huu, maana nimeyabeba peke yangu vya kutosha.

Mwishoni mwa Novemba ilikuja karatasi kutoka makao makuu. Makeshia wote wawasalimu wateja kwa kusema "Sikukuu njema," bila kutaja ni sikukuu gani, ili asiachwe nje mtu yeyote. Mteja akitangulia yeye kusema "Krismasi njema," tunaruhusiwa kumjibu hivyo hivyo. Meneja wetu, Dale Rusk, alitusomea karatasi ile huku akitazama viatu vyake, akatuambia tutie sahihi. Usidhani niliipenda. Iliniudhi. Kumwita mtoto kwa kila jina isipokuwa jina lake, siku yake ya kuzaliwa, mimi naona si vizuri. Lakini niliitia sahihi, na nikishatia sahihi nimetia sahihi. Baba alitulea hivyo.

Unamkumbuka Mardell Ubben, yule tuliyeimba naye kwaya, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya mto bila msaada wa simu? Sasa ndiye mwenyekiti wa umoja wa wanawake kanisani. Aliposikia habari za karatasi alipandwa na hasira, akaagiza beji nyekundu mia mbili zilizoandikwa: "Niambie Krismasi Njema." Kina mama wote wakazibandika kwenye makoti. Mimi nami nilipewa, nikaiweka mfukoni, kwa sababu kazini haturuhusiwi kuvaa chochote zaidi ya jina letu.

Basi wakaanza kuja kwangu. Kaunta ya kwanza haina mtu, ya pili haina mtu, wao wamepanga mstari kwangu, kila mmoja na kitunguu kimoja mkononi. Wanalipa, wanasimama, wananitazama, hawasemi kitu. Wanangoja. Wanajua wakitangulia wao kusema, nitawajibu kwa furaha. Ndiyo maana hawatangulii! Jumanne moja nilipokea vitunguu sita namna hiyo. Wa mwisho alikuwa Mardell mwenyewe.

"Sikukuu njema, Mardell," nikamwambia.

"Sikukuu ya nani?" akauliza, kwa sauti ile.

"Mardell, watu wamepanga foleni."

"Nimekuuliza swali jepesi, Arlys. Sikukuu ya nani?"

"Bibi wewe," akadakia mwanamume mmoja nyuma yake, "aiskrimu yangu inayeyuka. Mwaka mpya utatukuta hapa?"

"Muulize huyu," Mardell akamjibu. "Ameshika jina la Bwana wake mdomoni na hataki kulitoa."

Nilimrudishia chenji yake. Iliniuma, Merlyn. Miaka arobaini tumeshona naye blanketi za viraka, meza moja. Alinishika mkono siku ya mazishi ya Wendell. Sasa ananipima imani kwa kitunguu.

Na haikuishia dukani. Unajua kwamba tangu mwaka 1982 mimi ndiye ninayesoma habari za kuzaliwa kwa Yesu katika ibada ya mkesha wa Krismasi. Ni jambo dogo, dakika nne tu, lakini mwaka mzima huwa naungojea usiku ule. Ndicho kitu pekee ambacho watu wa mji huu wananijua nacho, ukiacha kaunta. Jumapili ya pili ya Desemba, tukiwa kwenye kahawa baada ya ibada, Mardell alisimama na orodha yake ya wasomaji wa mkesha akatangaza kwamba mwaka huu atasoma Brianne, mjukuu wa mpiga kinanda, kwa kuwa haifai mtu akwepe jina la Krismasi mchana dukani halafu jioni alisome madhabahuni.

Nilimtazama Mchungaji Eklund. Mchungaji akalitazama birika la kahawa, akaona lina jambo la maana sana linalohitaji kushughulikiwa. Mzee Gerdes peke yake ndiye aliyefungua mdomo. Alisema enzi za babu yake kanisa hili hili liliukataa mti wa Krismasi, wakauita upagani, na waliouweka nyumbani walisemwa hadharani. "Leo mnawasema wanaoiita Krismasi kwa jina lingine," akasema. "Ningependa kujua kesho mtamsema nani, nijiandae." Hakuna aliyemwongezea kahawa.

Nilirudi nyumbani nikalia, nikiwa bado na koti na buti zangu. Nilifikiri kumwendea Dale nimrudishie karatasi yake. Neno moja tu, nirudishiwe nafasi yangu. Halafu nikafikiri kuhusu nyonga, nikafikiri kuhusu sahihi yangu, na nikafikiri jambo la tatu ambalo sikulipenda: kama ningelitamka jina la Krismasi ili kumridhisha Mardell, ningekuwa nalitamka kwa ajili ya Mardell. Nikavua buti nikachemsha supu.

Ikaja Jumamosi, tarehe ishirini na nne. Duka lilijaa tangu asubuhi kama mji mzima umegundua leo kwamba watu hula. Karibu saa saba mchana akatokea Mardell kwenye mstari wangu. Nikajikaza. Lakini hakuwa na kitunguu. Aliweka kwenye kaunta kipande kimoja cha nyama ya nguruwe, kile cha kufungwa kwenye karatasi, kopo moja la supu, na pai ndogo ya kutosha kiganja.

Nimempitishia Mardell bidhaa za Krismasi miaka mingi. Kila mwaka ni paja zima, lile la kubebwa kwa mikono miwili, na viazi gunia, na siagi ya kutosha kanisa. Nilikitazama kile kipande, nikamtazama yeye. Alikuwa anasoma maelezo ya kwenye pakiti ya bablishi, ule ubani wa kutafuna.

"Wanao hawaji?" nikamuuliza.

"Nani kakuuliza?"

"Nyama hii ndiyo imeniuliza mimi."

"Wewe piga bei, Arlys."

Nikapiga bei. Akafungua pochi, akaifunga, akaifungua tena. "Wote wawili wamekwenda kwa wakwe zao," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ilibidi niiname nimsikie. "Wamenipigia simu jana. Tena mmoja ni mkewe ndiye aliyepiga."

"Kesho saa saba mchana, kwangu," nikamwambia. "Joleen anaponda viazi. Wewe lete ile jeli yako ya kijani yenye karoti."

"Hiyo jeli huwa huipendi."

"Siipendi. Watoto wa Joleen ndio wanaipenda, sijui kwa dhambi gani."

Alicheka, halafu machozi yakamtoka, nami nikampa karatasi za kufutia zilizopo chini ya kaunta. Nyuma yake watu walikuwa wanagonga vigari vyao. Akachukua mfuko wake akaondoka, na alipokwisha kutoka ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyemtakia mwenzake chochote. Tulisahau wote wawili.

Jioni ile, saa kumi na moja, nilikwenda ibadani. Nilikuta Mardell ananingoja mlangoni, kwa sababu ngazi zilikuwa na barafu. Akanishika kiwiko, tukapanda pole pole kama maharusi wazee. Alitaka kuniambia kitu kuhusu orodha, nikamwambia orodha imeshachapwa, twende tukakae. Tukakaa benchi moja.

Brianne akasoma. Ana miaka kumi na miwili, na kwa jina la yule liwali wa Shamu anayetajwa katika habari ile alikwama mahali pale pale ninapokwama mimi kila mwaka. Merlyn, miaka ishirini na mitatu nimesoma habari ile nikiwa nahesabu mistari, nachunga miwani, naogopa jina lile. Mwaka huu niliisikia. Alipofika pale wanapokosa mahali pa kulala, nilimwona yule mama mjamzito kana kwamba amesimama kwenye mstari wangu, miguu imemvimba.

"Wewe unasoma vizuri zaidi," Mardell akaninong'oneza.

"Nyamaza, umsikilize mtoto."

Na siku ya pili alikuja na jeli yake, akala, akaimba, akagombana na Joleen jinsi ya kuponda viazi. Alisema mwaka ujao nafasi ni yangu. Nilimjibu aiache kwa Brianne. Nilisema kwa moyo mweupe, hata mimi nilishangaa. Bado anaamini karatasi ya duka ni kazi ya shetani. Mimi bado naamini ni kazi ya ofisi. Tumekubaliana kwamba pai ilikuwa nzuri.

Sasa nimefika mahali pagumu, na hapa ndipo sababu ya barua hii.

Tangu uhamie Alaska umenitumia kadi tisa za Krismasi, na zote zimeandikwa mbele "Heri za Msimu," kwa herufi za dhahabu. Ile ya kwanza ilipofika nilimwambia marehemu Wendell: "Umeona? Mdogo wangu kaacha imani. Kristo kamwondoa hata kwenye kadi." Sikukuuliza. Kwenye simu tuliongea habari za hali ya hewa. Na kila mwaka kadi za watu wengine nilizipanga juu ya rafu, yako nikaitoa katika bahasha, nikasoma yale maandishi ya mbele tu, nikanuna, nikairudisha humo na kuitupia kwenye droo ya vitambaa vya meza. Wanawake wa vitunguu walinipima kwa wiki tatu. Mimi nimekupima kwa miaka tisa.

Mardell alipoondoka nilizitoa zote, nikakaa nazo jikoni. Na ndani, upande wa kushoto, kuna mwandiko wako ule mdogo wa kulala, ambao sikuwahi kuuangalia. Katika ile ya mwaka 1999 umeandika: "Dada, jana nilikwenda kanisa dogo la hapa, nikakaa nyuma kabisa. Mama mmoja alisoma habari za kuzaliwa, akasoma mbio mno. Nikafumba macho nikakusikia wewe. Bado unasoma?" Mwaka 2001 umeuliza tena, na 2002, na mwaka jana. Mara nne, ndugu yangu, na hukujibiwa hata mara moja.

Nisamehe. Nakujibu leo. Nilikuwa nasoma, miaka yote hiyo. Mwaka huu sikusoma. Mwaka ujao sitasoma kanisani, ila ukija, nitakusomea wewe hapa mezani kwangu, pole pole, na jina la liwali tutalikosea pamoja.

Joleen na watoto wanakusalimu. Mzee Gerdes anakusalimu, anasema hajasahau dirisha ulilomvunjia. Mardell naye anakusalimu, kwa sauti ambayo huenda umeshaisikia mwenyewe huko. Mpe Odette mkono wangu, na Rolf umkumbatie kwa niaba yangu hata akiona haya. Mungu awakinge na baridi, awalinde barabarani, na awape mwaka wa kulala usingizi mtamu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyechelewa kufungua kadi zako,

Arlys.