Mahema Tisa Mepesi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama umeshasoma mpaka hapa, basi usimwambie mtu hata neno moja. Si mwalimu, si mzazi, si wale wa kanisani walioahidi kuniombea nikipata kazi. Nimeipata. Ndiyo hii. Nisingependa ijulikane jinsi ninavyoiogopa.

Alhamisi, 3 Julai

Nimepima tena. Mfuko wa kulalia, gramu mia nane. Sponji ya kulalia, mia tatu. Sahani na kijiko, mia mbili. Mizani ni ya jikoni, ile ya maharagwe, na mpishi anaitaka kabla ya saa nne.

Madam Kilonzo, mwalimu mkuu wetu, amesema kwenye safari ya miguu ya shule kila mtoto asibebe zaidi ya kilo tano, maji yakiwemo. Mwaka jana mvulana mmoja wa darasa la saba alianguka njiani. Mama yake alikuwa amempakia kama anayempeleka shule ya bweni: blanketi mbili, thamosi, mikate mitatu, ndoo ya kuogea. Mwaka huu kuchagua vifaa ni kazi ya karani. Karani ni mimi.

Sijawahi kulala nje hata siku moja. Nimekulia Bungoma, kwenye nyumba ya mwalimu, na sasa nimepanga chumba Noonkopir, hapa Kitengela. Ninachojua kuhusu kutembea na mkoba mgongoni nimekisoma kwenye simu. Watoto ishirini na saba. Wanashuka basi Kisaju, wanatembea siku nzima, wanalala kwenye ploti ya mzazi mmoja, na kesho yake wanaingia Kajiado mjini kwa miguu.



Jumamosi, 5 Julai

Soko la mitumba, Kitengela. Nimepata mahema! Ya watu watatu watatu, rangi ya chungwa, kamba za kijani. Muuzaji alikuwa na kumi kutoka belo moja. Nilikuwa nimebeba mizani ya jikoni ndani ya kiondo, nikayapima pale pale. Watu wakacheka.

"Siz, hizi ni tenti ama ni nyanya?"

Nikamwambia natafuta mepesi, ni ya watoto. Akasema nimefika. Na kweli. Kwenye simu, hema la namna hiyo linaandikwa zaidi ya kilo mbili. Haya yana kilo moja na robo. Nilipima matatu nikidhani mizani imekosea. Haikukosea.

Nimechukua yote kumi. Tisa ya watoto, moja la akiba. Kwa mara ya kwanza tangu nipewe kazi hii nimekula chakula cha mchana nikakimaliza.

Jumatatu, 7 Julai

Fomu ya vifaa. Kurasa mbili. Mstari wa kumi na moja: *Mahema yamesimamishwa na kukaguliwa?* Ndiyo, Hapana.

Sijayasimamisha. Ningeyasimamisha wapi? Chumba changu kinatoshea kitanda na meza. Uwanja wa shule una watoto tangu asubuhi. Nilikuwa nimepanga kufanya hivyo kesho.

Madam Kilonzo alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Anaenda Kajiado, ofisi ya elimu, na fomu lazima aende nayo. Nikatia alama kwenye Ndiyo. Nikatia sahihi.

Ni hema tu. Ni kitambaa na vyuma.

Jumanne, 8 Julai

Uwanja haukuwa wazi. Mechi.

Jumatano, 9 Julai

Siku ya kupima mikoba mbele ya wazazi. Sipendi kukumbuka.

Walikuja kama siku ya kufungua shule. Mmoja na chapati kumi na mbili kwenye karatasi ya fedha. Mwingine na Biblia kubwa ya nyumbani, ya jalada gumu. Baba mmoja alikuwa ameficha pasi ya makaa chini ya soksi. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Mtoto wangu hawezi kuingia Kajiado kama amelala kwa lori."

Mwalimu Lemayian, atakayewaongoza, alicheka hadi akakaa chini. Yeye hubeba shuka, fimbo na chupa ya maji, basi. Kila mtu akipita anamsalimu kwa Kimaasai, "Sopa, Mwalimu," naye anaitikia huku akitoa thamosi kwenye mikoba.

Neema nilimwacha mwisho. Ndiye mdogo kuliko wote na ana pumu. Mkoba wake ulikuwa kilo sita na nusu. Nikaona kwa nini: blanketi zito la sufu, limekunjwa chini kabisa.

Mama Neema akanishika kiganja. "Madam karani, hilo liache. Huyu akipigwa na baridi kifua kinafunga."

Nikamweleza kwamba mfuko wa kulalia unatosha, hema linazuia upepo, na kilo moja na nusu ya ziada ndiyo itakayomchosha hadi kifua kifunge. Nilisema vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayejua. Akaniachia mkono. "Wewe ndiye umesoma hayo mambo," akasema.

Blanketi liko kwenye kabati la ofisi yangu. Rafu ya chini.

Ijumaa, 11 Julai

Saa kumi na mbili jioni. Naandika haraka.

Nimetoka kazini, nimepita kununua sukuma wiki kwa mama mboga wa Noonkopir. Kibanda chake kina paa jipya. Rangi ya chungwa. Kwenye pembe, kamba za kijani.

Nilisimama pale na noti mkononi. Akaniuliza kama ni ya kumi ama ya ishirini. Nikamuuliza paa amelitoa wapi.

"Kwa yule wa mitumba. Anauza vipande hivi, ni turubai nzuri sana, haipitishi maji. Karibu vibanda vyote vya huku wamenunua."

Kila hema lina sehemu mbili. Ya ndani na ya juu. Ya juu ndiyo inayozuia mvua na upepo. Nilishasoma hayo, kwenye simu, Juni. Muuzaji alizitenganisha akauza za juu kando, kwa vibanda. Ndiyo maana mizani haikukosea.

Basi linaondoka kesho saa kumi na moja na nusu asubuhi. Mahema yako ndani yake tayari.

Simu iko mkononi. Namba ya Madam Kilonzo iko juu ya orodha. Nimeangalia jina lake mpaka kioo kimezimika. Labda ya ndani inatosha. Kajiado ni nchi kavu. Kila mtu husema hivyo. Bungoma ndiko kwenye mvua.

Sijapiga.

Mimi ni mwoga. Niandike hivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Julai, saa mbili asubuhi

Wameondoka. Nilifika wakati basi linageuza. Neema alinipungia mkono. Nami nikampungia.

Nimefungua ofisi. Nimesimamisha lile hema la akiba kati ya meza na kabati. Imechukua dakika sita. Dakika sita tu, wiki nzima!

Ni neti. Kuanzia magotini kwenda juu ni neti tupu, ya kuzuia mbu. Nimeingiza mkono ndani na kuhesabu vidole vyangu nikiwa nje.

Dirishani kumeanza manyunyu. Yale membamba ya Julai, yasiyo na kelele, yanayoendelea siku nzima.

Jumamosi, saa nane mchana

Nimepiga. Lakini si papo hapo.

Kwanza nilikimbilia mitumba. Muuzaji hakuwa na hata kifuniko kimoja cha juu. Wala hakuona kosa. "Si wewe uliomba nyepesi? Nikakupa nyepesi." Hakuwa ananikejeli. Alinionyesha kwa kidole vibanda alivyoviuzia.

Halafu kwa Mwalimu Lemayian. Simu haipatikani. Mara saba.

Halafu kwa Madam Kilonzo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kwenye mvua, bila kupumzika: neti, paa la mama mboga, mstari wa kumi na moja, sahihi yangu. Nikasikia mtu akiosha vyombo upande wake. Kisha akasema, "Kusanya vifuniko utakavyoweza kuvipata. Nakuja na gari. Hayo mengine baadaye."

Nimeenda kibanda kwa kibanda. Wa kwanza alidhani mimi ni kanjo, askari wa kaunti, akaanza kufunga ndizi zake. Wa pili alikataa. Mama mboga alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapanda juu ya kreti, akafungua kamba mwenyewe. Nikamwambia mboga zitalowa.

"Na hao watoto ni akina nani, mawe? Shika hapo."

Alipoanza yeye, wengine wakafuata. Ninavyo sita. Vitatu sikuvipata. Nimerudi ofisini kuchukua kitu kimoja kabla gari halijafika: blanketi, rafu ya chini.

Jumapili, 13 Julai

Nimerudi. Nimeoga. Nguo zinaning'inia, zinadondosha maji ya rangi ya udongo.

Tuliwafikia jana saa kumi na moja jioni. Ploti imezungushiwa waya na haina nyumba wala mti. Upepo ulikuwa unapita katikati ya yale mahema kama hayapo. Watoto walikuwa wamevaa kila walichokuwa nacho, na nilichowaruhusu kuwa nacho ni kidogo. Mwalimu Lemayian alikuwa amemfunika Neema kwa shuka yake, yeye mwenyewe amebaki na shati. Neema alikuwa ameketi wima. Midomo ilikuwa na rangi nisiyotaka kuiandika. Alikuwa ameshavuta dawa yake mara mbili.

Mwalimu hakunigombeza. Alitazama vile vifuniko, vingine bado vina majani ya sukuma, akasema, "Haya, kila mtu ashike kamba." Tulifunika sita. Watoto wakabanana humo wanne wanne, katika mawili watano. Blanketi nililifunga mwenyewe mabegani mwa Neema. Madam Kilonzo akamweka ndani ya gari, mashine ya joto ikiwa imewashwa, nami kando yake. Akikohoa nilihesabu. Polepole nafasi kati ya kikohozi na kikohozi zikawa ndefu. Kulipokucha aliomba uji.

Kisha akaniuliza nilitoa wapi blanketi lao. Nikamwambia kabatini kwangu. Akasema, "Mama aliniambia utalileta." Mama yake hakujua kwamba ningelileta. Sikumrekebisha.

Kajiado mjini watoto walimwagiana maji ya bomba na kuimba. Mama Neema alikuwa pale. Nilimwambia yote mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamwambia. Alichukua blanketi, akalikunja, akaondoka na mtoto wake.

Madam Kilonzo amesema kesho saa mbili, ofisini kwake. Niende na nakala ya ile fomu.

Mchana nimepita kwa mama mboga na karatasi ya nailoni nyeusi, tumeifunga pamoja. Imekaa vizuri. Kisha nimekata vitambaa tisa kutoka shuka yangu ya zamani, nimeviandika kwa kalamu isiyofutika, na sasa navishona, kimoja kwa kila mfuko wa hema. Vyote vinasema hivi:

*Lisimamishe kabla ya safari. Lazima liwe na sehemu mbili. Likikosa kitu, au ukiogopa kusema, njoo kwa karani: jengo la ofisi, mlango wa pili baada ya bomba la maji. Kukiwa kumefungwa, kaa kwenye benchi. Kama hayuko tena shuleni, shuka Noonkopir, tafuta kibanda cha mboga chenye paa la nailoni nyeusi, umuulize mama. Atakuonyesha mlango wangu. Bisha kwa nguvu.*